Vidole Vyepesi Havitoshi



Kila serikali inapotaka kuvutia viwanda vipya, wageni wenye mali huambiwa maneno yale yale: kwetu kazi ni rahisi. Maana yake ni kwamba mishahara yetu ni midogo, na tena hatuna kelele. Safari hii viwanda vinavyotajwa ni vile vya chipu, yaani vile vipande vidogo vya semikondakta vinavyowekwa ndani ya redio, simu, magari na mitambo ya kila namna. Mwezi wa Mei 2024, Rais wa Kenya alipozuru Washington, ilitangazwa kwamba Kenya itakuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufaidika na mfuko wa Marekani wa kukuza kazi hiyo. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kiko kiwanda kidogo ambacho kimekwisha kuanza. Sisi wa nchi za jirani tunasikia, na hapana shaka wakubwa wetu nao watataka chao.

Sisemi kazi hiyo isije. Ije, maana vijana wamekaa barazani. Ila kabla hatujaanza kupiga makofi, yafaa tuitazame nchi moja ambayo imeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50, ikapata mengi, na hadi leo inahangaika namna ya kubaki mashindanoni. Nchi hiyo ni Malaysia.

Malaysia ilikuwa nchi ya wenzetu wa mashamba makubwa. Ilipopata uhuru mwaka 1957 ilikuwa inaishi kwa mpira na bati, kama wengine wetu tunavyoishi kwa chai, kahawa na mkonge. Bei ya mpira ikishuka London, mtu aliyekwisha kugema miti yake alfajiri alilala na njaa. Kisiwa cha Penang, kaskazini ya nchi, kilikuwa na bandari huru tangu zama za Mwingereza. Mwaka 1969 kikanyang'anywa haki hiyo, na biashara ikadorora. Waziri Mkuu wa jimbo hilo, Lim Chong Eu, akazunguka nje kutafuta viwanda. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya maeneo huru ya biashara, na mwaka 1972 mahali paitwapo Bayan Lepas, palipokuwa na mashamba ya mpunga, pakajengwa mabanda ya kiwanda. Wakaja Intel, AMD, Hewlett-Packard, National Semiconductor, Hitachi, Bosch na wengineo. Kodi walisamehewa miaka mingi. Ardhi walipewa kwa bei ya upole.

Ni vizuri kueleza kazi yenyewe, kwa sababu siri yote ya faida na hasara imo ndani yake. Chipu huanza kwa kuchorwa: wahandisi hupanga njia za umeme nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Halafu michoro hiyo hupigwa juu ya sahani ya silikoni katika kiwanda kisichotakiwa kuwa na hata chembe ya vumbi, chenye mashine za bei isiyosemeka. Mwisho sahani hukatwa vipande, kila kipande kikabandikwa mahali pake, kikaunganishwa kwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele, kikafunikwa kwa plastiki, kikapimwa, kikapelekwa sokoni. Kuchora kulibaki Marekani. Kupiga michoro juu ya sahani kulibaki Marekani na Japani. Iliyopelekwa Penang ni ile kazi ya mwisho, ya kubandika na kushona, ambayo inataka mikono mingi na mshahara mdogo.

Mikono hiyo ilikuwa ya wanawake. Karatasi za serikali za kuwavutia wenye mali ziliwasifu mabinti wa Malaysia kwa vidole vyao vidogo, vyepesi, na kwa utii wao. Mabinti wa vijijini, wengi wao ndiyo kwanza wametoka nyumbani kwa wazazi, walikaa mbele ya hadubini zamu nzima wakishona nyuzi. Zamu zilikuwa tatu, usiku na mchana zikibadilishana, hata mwili ukapoteza saa yake. Macho yaliharibika katika miaka michache. Dawa za kusafishia vyuma zilikuwa na harufu ya kuumiza kichwa. Na wakati huo huo mitaani watu waliwasema vibaya, eti ni wasichana waliopotea kwa sababu wanashika fedha zao wenyewe na kurudi nyumbani usiku.

Hapo pakatokea jambo ambalo wasomaji wa pwani wataliona si geni. Katika miaka ya 1970 na baada yake, ndani ya viwanda hivyo, binti mmoja alikuwa akianza kupiga kelele mbele ya hadubini yake, akisema ameona jini au mzee wa kutisha ndani ya kioo. Wa pili akadakia, wa tatu akaanguka, na punde banda zima likawa vilio. Waliopandwa walikuwa na nguvu ya kuwashinda wanaume kadhaa. Mashine zilisimama. Mameneja wenye shahada zao walilazimika kumwita mganga, naye akachinja mbuzi au kuku pale kiwandani kuwaridhisha wenye ardhi, kwa kuwa watu walisema banda limejengwa juu ya makaburi au makao ya mizimu. Mtaalamu mmoja wa kike wa mambo ya jamii, Aihwa Ong, alikaa na wafanyakazi hao wa Malaysia akaandika kitabu juu ya habari hii, kikatoka mwaka 1987. Madaktari wa kampuni waliandika kwamba ni udhaifu wa wanawake. Mimi nauliza swali dogo tu: mtu asiye na chama, asiye na mwakilishi, asiyeruhusiwa hata kwenda chooni bila idhini ya msimamizi, atasimamisha mashine kwa njia gani nyingine? Pepo hafukuzwi kazi kwa barua.

Maana chama hawakuwa nacho, na hii ndiyo habari ninayotaka wenzangu wa mashambani waisikie vizuri. Wafanyakazi wa mashamba ya mpira wa Malaysia walikuwa na chama chao cha taifa tangu mwaka 1954. Mgema mpira, ambaye wengi hawakujua kusoma, alikuwa na mkataba uliojadiliwa na chama. Binti yake aliyekwenda kushona chipu, akavaa koti jeupe na viatu vya plastiki, hakuwa na chochote. Watu wanadhani kutoka shambani kwenda kiwandani ni kupanda ngazi. Kwa upande huu ilikuwa ni kushuka.

Si kwamba hawakujaribu. Katika miaka ya 1970 chama cha wafanyakazi wa viwanda vya vyombo vya umeme kilitaka kuwaandikisha mabinti wa elektroniki. Msajili wa vyama akakataa, akisema kwamba elektroniki si umeme, ni kazi mbali kabisa! Ndugu msomaji, chomoa waya ukutani uone hiyo elektroniki itafanya nini. Lakini sheria ilisema chama kiwe cha kazi zinazofanana, na mwenye kuamua zipi zinafanana alikuwa yeye msajili. Basi wafanyakazi elfu kwa elfu wakakaa bila chama kwa sababu ya neno moja.

Mwaka 1988 vyama vya Marekani viliishtaki Malaysia mbele ya serikali yao, vikitaka ipokonywe nafuu ya ushuru katika soko la Marekani. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ya Malaysia ikatangaza kwamba sasa wafanyakazi wa elektroniki wataruhusiwa kuunda chama. Wenye viwanda wakapiga kelele kwamba watahama. Hazikupita siku nyingi serikali ikageuza maneno: chama ruhusa, lakini kiwe cha ndani ya kiwanda kimoja kimoja tu. Kila mtu na kisima chake, wala ndoo isivuke uzio. Ilichukua miaka mingine zaidi ya 20, hadi mwaka 2010 hivi, ndipo vikasajiliwa vyama vya mikoa: kaskazini, kusini, magharibi na mashariki. Na hata hapo waajiri wengine walikwenda mahakamani kubishana kama wanalazimika kukitambua chama.

Sasa tuulize: je, makampuni yalihama? Baada ya vyama vya mikoa kusajiliwa, Intel ilitangaza mwezi wa Desemba 2021 kwamba itaweka dola bilioni 7 katika Penang. Kampuni ya Kijerumani ya Infineon ilifungua huko Kulim, mwezi wa Agosti 2024, sehemu ya kwanza ya kiwanda kikubwa cha chipu za nguvu za umeme. Na mwezi wa Septemba 2024 sheria ya vyama iliyorekebishwa ilianza kutumika, ikiondoa kile kifungo cha kazi zinazofanana. Hakuna aliyefunga mabegi. Kile kitisho kilichowanyamazisha watu miaka 40 kilikuwa upepo.

Lakini nisije nikaonekana namlaumu mwenye kiwanda peke yake, kwani kosa kubwa lilikuwa la namna nyingine, na linahusu ushindani wenyewe.

Nchi inayoshindana kwa mshahara mdogo inashindana na nchi yoyote duniani yenye njaa zaidi. Mdororo wa mwaka 1985 na 1986 ulipokuja, viwanda vya Penang vilipunguza watu kwa maelfu, na waliokuwa na vidole vyepesi walirudi vijijini na vidole vyao. Halafu zikaja mashine za kushona zenyewe. Kazi iliyokuwa ya wanawake wengi, kila mmoja na hadubini yake, ikawa ya mwanamke mmoja anayezunguka kati ya mashine nyingi. Baadaye ikafungua mlango China, na mwaka 2010 Intel yenyewe ikafungua kiwanda cha kufunga na kupima chipu katika mji wa Ho Chi Minh, Vietnam. Kama Malaysia ingekuwa na kazi rahisi peke yake, ingekuwa imekwisha zamani.

Kilichoiokoa Penang ni vitu ambavyo havikuwemo katika zile karatasi za kusifu vidole. Cha kwanza ni mafundi wa karakana ndogo za chuma zilizokuwa nje ya uzio. Mashine za wageni zikiharibika, kungoja kipuri kutoka Marekani kulikuwa kuzuia kazi wiki nzima. Fundi wa mtaani akakichonga. Kesho akachonga kingine kilicho bora zaidi. Karakana zikakua zikawa viwanda. Wahandisi waliojifunza ndani ya makampuni ya kigeni wakatoka wakaanzisha ya kwao: Vitrox, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 2000 na wahandisi wawili, nayo hutengeneza mashine za kukagua chipu kwa macho ya kamera, zile zile zilizoharibu macho ya mama zao, tuseme hivyo. Cha pili ni chuo cha ufundi cha Penang kilichofunguliwa mwaka 1989, ambacho serikali ya jimbo ilisaidia kukianzisha na makampuni yenyewe yakakiendesha kwa pamoja, wakaacha kuibiana mafundi wakaanza kuwafundisha. Binti wa hadubini aliyepelekwa chuo hicho aliweza kurudi akiwa fundi wa mashine. Naliona hili kuwa jambo la maana kuliko misamaha yote ya kodi, ingawa katika hotuba halitajwi sana, pengine kwa sababu halina utepe wa kukata.

Na bado haikutosha. Tazama Taiwan, ambayo ilianza karibu wakati mmoja na Malaysia kwa kazi ile ile ya kubandika. Mwaka 1973 serikali ya Taiwan iliunda taasisi ya utafiti wa viwanda. Mwaka 1976 ikanunua ujuzi kutoka kampuni ya RCA ya Marekani, ikapeleka wahandisi vijana wakajifunze kutengeneza sahani yenyewe, si kushona tu. Mwaka 1980 ikazaliwa kampuni ya UMC, na mwaka 1987 TSMC, ambayo leo inatengeneza chipu za hali ya juu kwa karibu dunia nzima. Malaysia ilifikiria kutengeneza sahani katikati ya miaka ya 1990, ilipoanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Silterra. Wakati huo treni ilikuwa imekwisha kuondoka. Silterra ilikula fedha za umma miaka mingi, na mwaka 2021 ikauzwa. Nisieleweke vibaya: Taiwan haikuwa peponi kwa wafanyakazi. Ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi hadi mwaka 1987, na vyama vyake vilifungwa kamba. Tofauti ni kwamba wao waliununua ujuzi, na Malaysia iliwangojea wageni waulete kwa hiari yao. Mgeni hufundisha kile anachokihitaji ujue, basi.

Wenzangu wa chai wanaijua hesabu hii bila kufundishwa. Majani ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hupigwa mnada Mombasa, kisha huchanganywa na kutiwa katika pakiti huko mbali, na mwenye pakiti ndiye mwenye kula. Serikali ya Malaysia inasema asilimia 13 ya kazi yote ya dunia ya kufunga na kupima chipu hufanyika nchini mwake, na karibu asilimia 40 ya mauzo yake ya nje ni vyombo vya umeme na elektroniki. Hizo ni tarakimu za kujivunia. Lakini kufunga ni sehemu yenye faida nyembamba. Faida nene iko kwa mchoraji na kwa mpiga sahani.

Mshahara uliobanwa nao ulifanya madhara yake. Mwenye kiwanda anapoweza kupata mikono rahisi, hana haraka ya kuboresha mashine wala kumpeleka mtu chuoni. Wenyeji walipokataa kazi ya mshahara ule, wakaletwa watu wa Nepal, Bangladesh na Indonesia, wengi wao wakiwa wamekopa kwao ili kuwalipa mawakala wa kazi, na pasi zao zikichukuliwa wakifika. Mwaka 2014 shirika la Verité liliwahoji wafanyakazi zaidi ya 500 wa elektroniki katika Malaysia, likakuta kati ya wageni karibu mmoja katika kila watatu yuko katika hali ya kazi ya kulazimishwa. Kwa upande wa pili wahandisi, waliosomeshwa kwa fedha za wananchi, wanavuka daraja kwenda Singapore wanakolipwa mara kadhaa. Yaani nchi inaagiza wenye deni na kupeleka nje wenye ujuzi. Kima cha chini cha mshahara kilikuja mwaka 2013 tu, kwa ringiti 900 kwa mwezi upande wa bara, na kikafika 1,700 mwaka 2025.

Mwezi wa Mei 2024 serikali yao ilitoa mpango mpya wa semikondakta: ringiti bilioni 25 za serikali, wahandisi 60,000 wafundishwe, na angalau makampuni 10 ya wenyeji yakue katika kuchora chipu na kuzifunga kwa namna ya kisasa. Mwaka 2025 wakakubaliana na kampuni ya Arm kulipa dola milioni 250 katika miaka 10 ili wapate michoro na mafunzo. Hatimaye wananunua ujuzi. Naona ni mpango wenye akili, na umechelewa. Ila wasiwasi wangu ni huu: mhandisi wa 60,001 atabaki kwa nini, ikiwa jirani analipa zaidi? Mpango unaohesabu vichwa bila kuhesabu mishahara unawasomeshea wengine watoto.

Turudi kwetu. Sisi tumo katika habari hii kuliko tunavyodhani. Chipu na vibao vyake huunganishwa kwa risasi ya bati, na kwa miaka mingi sehemu ya bati la Kivu na Rwanda ilisafirishwa kwenda kuyeyushwa Butterworth, ng'ambo tu ya mlango wa bahari kutoka Penang. Mchimbaji wetu na mshonaji wao walishika kitu kimoja bila kujuana, mmoja kwa sururu na mwingine kwa hadubini.

Kwa hiyo viwanda vya chipu vikija, Kenya au kokote jirani, chama kisingoje kualikwa kwenye sherehe ya ufunguzi. Waulizeni wakubwa mapema, mkataba kabla haujatiwa sahihi. Je, sheria za kazi za nchi zitatumika ndani ya uzio, au mle ndani ni nchi nyingine? Msamaha wa kodi ni wa miaka mingapi, na umefungwa na mafundi wangapi watakaofundishwa? Nani atakayeshika nafasi za utunzaji wa mashine baada ya miaka mitano, wenyeji au wageni? Dawa zitakazotumika zina majina gani, na daktari atakayepima macho na vifua vya watu atalipwa na nani? Vipuri vitachongwa wapi? Na akina mama watakaokaa zamu ya usiku watarudije nyumbani?

Matawi yaliyo karibu na maeneo ya viwanda huru yanaombwa kuandika majibu waliyopewa safari zilizopita, kwa viwanda vya nguo na maua, yakayapeleka makao makuu ya chama kabla ya mkutano wa mwaka. Majibu hayo yapo, wengine wetu tunayakumbuka kwa jina na tarehe.